Mazoezi Kwenye Ukuta wa Muuguzi

"Mwalimu, uwanja wote huo wa nyumba yako, lazima mje kubanana kwenye ukuta wangu?"

Muuguzi alikuwa amepanda juu ya ndoo upande wa kwake, kichwa tu kikionekana juu ya ukuta. Kilemba upande, macho mekundu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hajapata hata lepe la usingizi.

"Jirani, shuleni ukumbi una mtihani," alisema mwalimu wa Kiingereza. "Na mashindano ya maigizo ni kesho. Tuvumilie leo tu."

"Wiki nzima ni leo tu! Na huyo mrefu ndiye kabisa, sauti yake inanipasua kichwa. Mnyamazishe, la sivyo naenda kwa mkuu wa shule, hayo mashindano myasikie redioni."

Madirisha ya mtaa yakafunguka moja moja. Umbea wa asubuhi haukosi wateja.

Msichana mrefu akainamisha kichwa. Ndiye mhusika mkuu. Bila yeye hakuna mchezo.

"Endelea," mwalimu akamwambia. "Mama amekufukuza, uko mlangoni, unataka akupokee. Sarufi yako safi, vitenzi vimekaa sawa, ila hunishawishi. Unaomba kama mtu anayeazima chaki. Geukia ukutani, paza sauti."

Msichana akaanza upya, Kiingereza kikimtetemeka mdomoni. Alikiri kosa. Akaahidi. Akasema hata asipofunguliwa, kesho atakuja tena kupiga hodi.

"Basi!" muuguzi akafoka. "Nimesema basi!"

Kichwa kikatoweka. Ndoo ikaanguka, malapa yakasikika yakikimbia.

"Kaenda kushtaki," mwanafunzi mmoja akanong'ona. "Tumekwisha."

Walikuwa wameshaanza kukusanya viti lango liliposukumwa. Muuguzi akaingia, sare ya kazini bado mwilini, lapa moja tu mguuni. Wanafunzi wakampisha. Akampita mwalimu kama hamwoni, akasimama mbele ya yule mrefu. Mkono ukainuka.

"Dada, tafadhali," mwalimu akaruka, "nipige mimi, mwache mtoto!"

Mkono ukatua shavuni polepole, ukabaki hapo.

"Umekonda," muuguzi akasema. "Kwa mwalimu hawakulishi? Tangu nikufukuze, kitanda chako nakitandika kila siku kama mwendawazimu. Twende ndani ukale, mwanangu, chakula kinapoa."