Sofa ya Mgeni Rasmi

Wanyama walijenga nyumba ya kujifungulia. Kuta zilipokamilika, fedha za vifaa zilikuwa chache, nazo wakamkabidhi Kanga, kwa kuwa hayumbishwi na maneno matamu.

Tausi, mwenyekiti wao aliyependa sifa, akamjia mapema.

"Mama Kanga, sofa kwanza. Nyati ndiye mgeni rasmi. Atakaa wapi, juu ya kichuguu?"

"Swala alijifungulia sakafuni mwaka jana, na sasa ni mjamzito tena," Kanga akajibu. "Vitanda kwanza."

"Utatuaibisha!"

"Aibu nitaibeba mimi, mwenyekiti. Swala ana mzigo wake tayari."

Kanga akanunua vitanda, magodoro na taa. Fedha zikaisha kabla ya mapazia.

Siku ya ufunguzi, Tausi alikuwa akimwomba radhi Nyati kwa kumwacha amesimama bila sofa, mara Swala akashikwa na uchungu. Wakamkimbiza ndani, wakamlaza kitandani. Lakini mlango ulikuwa wazi, bila pazia, na umati mzima ukamkodolea macho. Kanga akatandaza mbawa zake mlangoni. Hazikutosha.

Tausi akaacha kuomba radhi. Akaenda mlangoni, akaukabili umati, akakunjua mkia wake wote hadi ukaziba mlango. Wengine wakamsifu, lakini yeye alikuwa amefumba macho, akisikiliza sauti ya Swala nyuma yake.

Jua likapanda. Nyati alisubiri akiwa amesimama, bila kunung'unika.

"Mkia umechoka, mwenyekiti?" Kanga akanong'ona.

"Umechoka. Mtoto bado?"

"Bado."

"Basi nipo."