Jeneza la Gogo

Seremala aliuliza mara mbili kama jeneza lile lilikuwa la mtoto. Promota akamwambia si la mtoto wala la mtu mzima, ni la magazeti. Litoshe mwanasesere tu, na juu ya kifuniko liandikwe jina la Gogo kwa rangi nyeupe. Ndani promota alitandika mwenyewe kipande cha satini ya zambarau kilichobaki liliposhonwa joho la ulingoni la Gogo, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu.

"Na mdomo wako?" akauliza.

"Mimi kazi yangu mbao, bosi," seremala akajibu. "Mbao hazisemi mpaka ziulizwe."

Pambano la uzito wa juu lilikuwa limebakiza wiki mbili na ukumbi haujauzika hata nusu. Gogo alikuwa bondia hodari, mrefu kiasi kwamba kila kitanda alicholalia miguu ilibaki nje. Tatizo lake upole. Hakutukana mtu, hakurusha kiti mbele ya waandishi. Walipomuuliza atamfanya nini mpinzani wake, alisema atamshukuru kwa kuja. Siku ile promota nusura alie. Bondia mpole auze tiketi gani?

Basi jeneza likawekwa alfajiri kwenye kizingiti cha nyumba ya Gogo, na mpiga picha akajibanza ng'ambo ya barabara. Promota alitaka Gogo afungue mlango, alione, apandwe na mori. Aliyefungua ni mama yake. Bibi yule alikuwa na moyo dhaifu, jambo ambalo kila mtu alilijua, promota akiwemo. Alisoma jina la mwanawe, akakaa chini palepale, na hakuinuka tena kwa nguvu zake.

Magazeti yakaishupalia kambi ya mpinzani. Tiketi zikauzika kama njugu.

Promota alikwenda hospitali na maua. Alimkuta mke wa Gogo kando ya kitanda cha mkwewe. Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani. Joho la mumewe alilishona yeye. Lile jeneza dogo lilikuwa mapajani mwake, na vidole vyake viwili vilikuwa vikipapasa kitambaa cha ndani, taratibu, kama anayechagua nguo dukani.

"Pole sana, shemeji," promota akasema. "Waliofanya hivi tutawakomesha."

"Watakoma," akajibu, bila kuinua macho.

Siku ya tatu yule mama akafariki. Promota alifika msibani kabla ya majirani wengi, akalia machozi ya kweli kabisa, kisha akamvuta Gogo pembeni. Akashauri mazishi yangoje hadi pambano lipite, watu wamwone mtoto akimpigania mama yake. Ndugu waliguna. Hata mimi ninayesimulia nimeguna. Gogo alimtazama mkewe, mkewe akaitikia kwa kichwa, na yakaisha.

Mama wa watu akabaki kwenye jokofu la hospitali. Mabango mapya yakabandikwa.

Wiki ya pambano promota alitaka suti mpya, kwa sababu ya kamera. Mke wa Gogo akamwambia atamshonea bure, kwa jinsi alivyosimama nao kwenye shida. Bure kwa promota ilikuwa tamu kuliko asali. Akasimama katikati ya chumba cha cherehani, kapanua mikono. Alikuwa mfupi, mpana, na tumbo lake lilikaribia kuimaliza tepu, mwenyewe akacheka. Fundi alimpima mabega, akampima kiuno, akamwegemeza ukutani na kuchukua kimo chote, akisema suti nzuri hufuata kimo cha mtu.

"Niwekee mifuko mingi, ndani na nje," promota akaagiza. "Sanda ndiyo haina mfuko, shemeji. Mimi bado nipo."

Mke wa Gogo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Promota aliondoka amefurahi, akijiambia kwamba hakuna kidonda kisichopona.

Jioni ya pambano ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Waliliita jina la Gogo kwa sauti moja, na kuta zikawa zinatetemeka. Promota alishuka kwenye chumba cha kubadilishia nguo kuchukua suti yake.

Gogo alikuwa tayari na glavu mikononi, amekaa kwenye benchi, joho la zambarau mabegani. Mkewe amesimama kando yake. Mbele yao, juu ya viti vinne, palikuwa na jeneza. Safari hii si la mwanasesere.

Promota alipiga makofi. "Nani kabuni hii? Mwiteni mpiga picha haraka."

Akalizunguka jeneza huku akiligonga kwa vidole, na jicho lake la biashara likaona kasoro.

"Lakini hili fupi. Gogo haingii humu hata akikunjwa. Na upana wote huu wa nini?"

"Muulize seremala," mke wa Gogo akasema.

Promota aligeuka. Seremala alikuwa nyuma ya mlango, kofia mkononi. Alisukuma komeo mpaka mwisho. Juu, watu walikuwa bado wanapiga kelele, na hata bunduki isingesikika.

Mke wa Gogo akafunua kifuniko. Suti ilikuwa imelazwa ndani, imepigwa pasi vizuri, mikono imekunjwa kifuani.

Promota aliinama, akalipapasa koti kifuani, akapapasa ubavuni, kisha, kwa haraka zaidi, akapapasa suruali. Haikuwa na mfuko hata mmoja.