Mgeni Asiyekula Nyama

"Sili," alisema Lekishon, akaisukuma sahani kwa vidole viwili.

Philemoni, mwenye nyumba, alicheka sana, mwiko mkononi. Mfugaji wa Oldonyosambu, mtu aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, anakataa nyama! Tena nyama aliyoileta mwenyewe asubuhi ile, magunia mawili mazima, akasubiri nayo getini mpaka mwenye nyumba aliporudi kutoka kanisani. Gunia la tatu, dogo, lilikuwa chini ya kiti chake. Kila mara Hedwiga, mke wa Philemoni, alipotaka kulitoa nje kwa sababu ya harufu, Lekishon aliweka mguu juu yake.

"Umechinja?" Philemoni alikuwa amemuuliza pale getini.

"Nimechinja, Mzee. Haikuwa hiari yangu."

"Kwa harusi ya mwanangu Elinaza hakuna hiari, kila mtu atachanga!" alijibu Philemoni, akayabeba magunia, akaenda kuvaa aproni.

Maana siku hizi Philemoni alijipikia mwenyewe. Tangu serikali iwaachie watu biashara ya nafaka, alikuwa na mashine mbili za kusaga mahindi kule Sokon One, na unga wake ulilisha nusu ya mji. Yeye ugali hakuugusa. Mtalii mmoja alimwachia kijitabu kilichosema kwamba binadamu wa kale alikula nyama, majani na mizizi, basi. Kuanzia hapo wali ukawa chakula cha kuku, ndizi zikawa chakula cha vibogoyo, na Hedwiga akafukuzwa kwenye jiko lake mwenyewe kwa kosa la kupika mtori wa ndizi.

Siku ile alijitahidi kupita kiasi. Mbavu alizikaanga kwa mafuta yake yenyewe mpaka zikawa nyekundu, akazimwagia supu ya mifupa, vitunguu, tangawizi na fungu zima la majani ya mnafu. Nundu aliichoma polepole juu ya mkaa. Mtaa wote wa Sekei ulijua kwamba kwa Philemoni kunaliwa.

Juhudi zote hizo zilikuwa za mtu mmoja, Sylvanus, mjomba wa Anjela, bibi harusi mtarajiwa. Ukoo ulikuwa umemtuma na ujumbe mfupi. Mbuzi wa mahari walifika, pombe ya mbege ilinywewa, lakini dume wa ng'ombe aliyeahidiwa tangu mwaka jana hajaonekana. Asipofika Ijumaa, mzima, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, Anjela hatoki kwao Jumamosi. Na kadi zilishagawiwa mpaka Moshi.

"Dume yupo," alisema Philemoni, akipakua. "Anachungwa na huyuhuyu unayemwona. Mweusi tii, ana baka jeupe begani kama leso. Zungukeni mlima wote wa Meru, hamtampata wa pili."

Lekishon alikohoa. "Mzee, kuhusu dume, kuna neno..."

"Neno baada ya chakula!" Philemoni alibenua midomo, akamgeukia Sylvanus. "Hawa wafugaji ukiwapa nafasi ya kusema, wataomba chumvi, dawa ya kuogeshea ng'ombe, mpaka viatu ulivyovaa. Halafu ukienda kumwona ng'ombe wako, unaambiwa eti kaliwa na fisi. Kumbe kauzwa mnadani. Mimi siibiwi, mkwe wangu. Huyu nilimpa masharti yangu mbele ya balozi wa nyumba kumi."

Lekishon aliinamisha kichwa. Hedwiga aliona aibu kwa niaba ya mumewe, akaenda jikoni, akarudi na kiporo cha ugali na maziwa ya mgando. Lekishon alikula kama mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana.

"Tazama mtu huyu!" alisema Philemoni. "Nundu iko mbele ya pua yake, yeye anakula unga."

"Nyama si yangu," alisema Lekishon.

"Unamsikia? Ametoa zawadi, sasa anaona haya kuionja. Ushamba huu utaisha lini?"

Mdomo wa Sylvanus ulikuwa umejaa. Alikuja amekunja uso, lakini mbavu zilimlainisha, na sasa alikuwa kwenye kipande cha nne cha nundu. Philemoni alimkatia cha tano.

"Onja hapo. Huyu hakuwa ng'ombe wa kuokota njiani. Aliyekuwa na dume huyu alikuwa mtu na akili zake. Lekishon, sijui ulimtoa kwa nani, lakini nenda ukajifunze kwake maana ya ng'ombe."

"Kwa kweli," alisema Sylvanus, akilamba vidole. "Basi nitawaambia nyumbani wasiwe na wasiwasi. Ijumaa tunamngoja."

Philemoni alifurahi waziwazi. Mwaka mzima wakwe walikuwa wakimwita mtu wa maneno, na sasa amewaziba midomo kwa sufuria moja. Alijifuta mikono, akaegemea kiti, akampungia Lekishon kama anayemfukuza nzi.

"Haya, sema neno lako. Kama ni chumvi, sema chumvi."

Lekishon alisimama, akalivuta gunia dogo kutoka chini ya kiti, akaanza kulifungua.

"Aliteleza korongoni jana jioni, Mzee, akavunjika miguu yote ya mbele. Nikamuwahi na kisu. Ulisema mbele ya balozi kwamba ng'ombe wako akifa nisionje hata utumbo, nikuletee nyama yote, na ngozi uione kwa macho yako."

Akaikunjua sakafuni, katikati yao. Ilikuwa nyeusi tii, na begani ilikuwa na baka jeupe. Sylvanus aliutoa mfupa mdomoni, akauweka sahanini pamoja na ile mingine.