Simu Moja ya Lukozi

Mwalimu wa kwaya alipanda mlima wa Lukozi akiwa amefura kwa hasira. Redio ilikuwa imeuondoa wimbo wao kwenye chati, baada ya kugundua kwamba video kwenye tovuti yao ilitazamwa karibu mara zote kwa simu moja tu, na namba iliyosajiliwa ilikuwa ya Baba Raheli.

Alimkuta shambani, ameegemeza simu kwenye tenga la kabichi. Kwenye kioo, marehemu Raheli alikuwa akisogea mbele ya kwaya kuimba ubeti wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu."

Mzee alifuta udongo kwenye kioo kwa kidole gumba kilichopasuka-pasuka, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Ubeti ulipoisha, akaurudisha.

"Redioni walisema kila ukitazama, wimbo unapanda. Basi tangu tulipomzika, mimi nampandisha mwanangu. Amefika wapi sasa?"

 Mwalimu akaketi kwenye tuta, bega kwa bega na mzee.

"Hebu rudisha pale anapoanza," akasema.