Maneno Saba ya Ziada

"Mazishi umeyapeleka wapi?" Tessa aliuliza kutoka juu ya ngazi, simu mkononi.

"Nimeyafuta," Rochelle akajibu. "Insha imezidi maneno arobaini."

"Yarudishe! Mazishi ndiyo yanayoliza watu. Futa kingine."

Rochelle akayarudisha. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, theluji imeziba barabara zote za Toledo, na saa kumi na moja kamili chuo alichokitaka Tessa kingefunga mlango wa maombi ya kujiunga. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusahihisha barua za kampuni ya bima, kwa hiyo insha nayo ikamwangukia, kama vyombo na nguo chafu.

Tangu Greg, baba yake Tessa, ahamie Arizona na mwanamke mwingine, walibaki wawili kwenye nyumba ile, kila mmoja na ghorofa yake. Chakula kilipanda juu, sahani zikashuka. Maneno hayakupanda wala kushuka.

Ndani ya insha, lo, Tessa aliongea! Alisimulia jinsi mama yake alivyomshonea vazi la nyuki kwa sherehe ya shule, akijichoma sindano vidoleni. Alivyoimba vibaya akiendesha gari, mpaka Tessa akajificha chini ya kiti kwa aibu. Alivyougua, na alivyokufa Tessa akiwa na miaka kumi na miwili.

Rochelle alisoma polepole, kama mtu anayebakiza tonge la mwisho. Alimwonea wivu mwanamke yule, tena wivu wa wazi. Utashindanaje na marehemu? Marehemu hana baya. Hachelewi kumchukua mtoto mazoezini, wala hagombani na mtu kwa sababu ya simu. Rochelle yeye alikuwa na kosa jipya kila asubuhi.

"Lilikuwa vazi la bundi, si la nyuki," akasema. "Liko mpaka leo darini."

"Acha nyuki. Nyuki anasomeka vizuri."

Basi nyuki akabaki. Rochelle akapunguza muuguzi, akapunguza mvua ya siku ile, akapunguza maua yaliyokuwa juu ya jeneza. Yakabaki maneno saba ya kuondoa. Ndipo akafika kwenye sentensi ya mwisho: "Nilimpenda sana mama yangu, na sikuwahi kumwambia."

Akaisoma mara tatu.

"Tessa, hii ya mwisho ni kweli?"

Nyayo zikashuka ngazi, na Tessa akasimama nyuma ya kiti chake, akachungulia kompyuta.

"Si ndiyo hiyo hiyo iliyozidi! Mshauri wa shule kasema msomaji anaonyeshwa upendo, haambiwi. Ifute."

"Hii ibaki, tafadhali. Nitapunguza kwingine."

"Aa, wewe nawe! Hebu lete." Tessa akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaifuta mwenyewe. Maneno mia sita na hamsini kamili, kikomo cha chuo. Akabonyeza, na insha ikaenda.

Mkono wake mwingine ulikuwa umeegemea begani pa Rochelle, na haukuondoka. Mwaka mzima ulikuwa haujapata kukaa pale. Rochelle akatulia tuli, hata pumzi akazibana, asije akaukumbusha kwamba una pengine pa kwenda.

"Asante," Tessa akasema kwa sauti ya chini. "Umenisaidia sana, kweli."

"Wakikuchukua nitafurahi mno."

"Najua. Ila wakinichukua, Mama, usije kunipeleka. Kule wanajua ulishakufa."