Tumekukumbuka, Kombo

Mwanaidi aliingia duka la manukato akiwa bado na kanga ya jikoni, akaibwaga simu ya mumewe juu ya kaunta.

"Huyu anayemkumbuka mume wangu kila siku ni nani? Nataka nimwone sura."

Hidaya, muuzaji, akasoma, chini ya jina la duka: *Kombo, tumekukumbuka. Mbona hupiti?* Zilikuwa jumbe tisa kwa wiki moja.

"Si mtu, dada. Ni kompyuta. Inawaandikia wateja yenyewe, na mimi nilisahau kuiwekea kikomo." Akamgeuzia skrini, akaandika: mteja mmoja, ujumbe mmoja kwa mwezi. "Basi. Haitamsumbua tena."

Mwanaidi hakuondoka. Alizisoma tena zile jumbe, moja moja, mpaka ya tisa. Kwake yeye, Kombo huandika tu: nunua mkaa, nachelewa.

"Hiyo kompyuta," akauliza, sauti imeshuka, "inamwandikia yeyote?"

"Yeyote mwenye simu."

Mwanaidi akataja namba yake mwenyewe polepole, na jina lake kamili. Hidaya alipofika penye kikomo, Mwanaidi akamshika mkono.

"Mimi usiniwekee."

Kisha akavuta stuli, akakaa karibu na mlango, simu yake kiganjani.