Jogoo wa Saa ya Dawa

"Haki ya Mungu ni kweli tupu, na nikidanganya umchukue," Mzee Mbaruku aliapa, jogoo kwapani. "Huyu ndiye anayeniamsha nimeze ARV, mwaka wa ishirini sasa!"

Sikitu hakucheka. Alikuwa amemletea babu yake kopo la ARV zake mwenyewe, akisema yeye hatazihitaji tena.

"Unataka kujiua, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu." Hakuwahi kumwambia mtu.

"Ahsante kwa kuniambia. Twende kwa mshauri wa kliniki, sasa hivi."

Njiani Sikitu alisimama ghafla. "We babu! Jogoo gani huishi miaka ishirini?"

Mzee alijikuna kichwa, akamkabidhi jogoo.

Mshauri alipofungua mlango, Sikitu alikuwa amempakata jogoo, kopo lake tena mkononi. "Babu, asubuhi huyu hula nini?"